Seleniamu na Chai ya Asubuhi

Dada yangu, mkulima wa vitunguu huko Ganako, ana maradhi yanayofanya kinga ya mwili iishambulie tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Tezi ikidhoofika, homoni zake hupungua. Kwa hiyo daktari mjini Karatu alimwandikia kidonge cha homoni cha kumeza kila siku, maisha yake yote. Alikimeza kwa miezi mingi, lakini uchovu haukumwacha.

Ndipo binti yake, mfanyakazi wa loji, alipomletea chupa ya seleniamu. Nilisoma nilichoweza. Tezi huhitaji madini hayo kwa kiasi kidogo mno. Baadhi ya tafiti zinadokeza kuwa huenda yakapunguza shambulio la kinga. Nyingine hazikuona faida. Yakizidi, nywele hunyonyoka. Daktari aliruhusu kidonge kimoja kwa siku.

Nilipomtembelea wakati wa mavuno, nilimkuta amechangamka, na vipimo vya damu vimekaribia kawaida.

"Mdogo wangu, ile ya homoni naiacha," akasema. "Hii ya madini ndiyo iliyonifufua."

Niliogopa. Bila homoni uchovu ungemrudia. Sikubishana, nilimwomba anieleze anavyomeza dawa zake.

Akacheka. "Profesa, hata kumeza nitahiniwe?"

Zamani, alisema, alimeza homoni kwa chai ya maziwa, jirani yake akiwa amepita kunywa naye. Seleniamu ilipokuja, hakupenda kuzichanganya tumboni. Ile mpya akaipa nafasi ya chai; ya zamani akaihamishia alfajiri, kwa maji matupu, kabla ya kukamua ng'ombe.

Nikamweleza kwamba maziwa huzuia homoni hiyo isiingie mwilini sawasawa, jambo ambalo daktari alilithibitisha baadaye. Kilichobadilika kwa hakika ni kwamba homoni sasa ilimfikia. Kama seleniamu nayo ilisaidia, sikuwa na njia ya kujua.

"Kwa hiyo mkosaji ni chai yangu?"

"Ni saa yake, dada."



Alfajiri iliyofuata nilimsikia akimimina maji. Punde jirani akapiga hodi.

"Karibu mama, keti. Chai bado, nimemeza ya homoni sasa hivi."

"He! Siku hizi chai yako ina ratiba kama ya loji?"

"Ndiyo. Na mgeni anachambua maharage akisubiri."

Jirani akavuta ungo.