Moyo Usiokatiwa Bima

Shangazi yangu ni fundi cherehani wa sare za shule, na mtaani karibu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Pindo. Sketi au suruali ikitoka mikononi mwake huwa na pindo pana ndani, ili mtoto akirefuka mzazi asishonishe nyingine, bali alete ile ile ifumuliwe na kushushwa. Mafundi wenzake humtania kwamba anajinyima kazi mwenyewe. Yeye huwajibu kwamba mtoto hakui kwa ruhusa ya fundi.

Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Kwenye rafu ya nyuzi, kando ya kopo la vifungo, hukaa mfuko wa dawa zake: za presha, za sukari, na za moyo, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipiga ovyo kama cherehani iliyolegea mkanda. Mfano huo ni wake mwenyewe. Dawa huzimeza kwa chai iliyopoa, macho yakiwa bado kwenye mshono.

Ana dada mmoja tu, ambaye sisi watoto wa kaka yao tunamwita Shangazi Mkubwa. Walianza kushona pamoja katika chumba hicho hicho, kisha mkubwa akaenda ng'ambo kufanya usafi hotelini, mimi nikiwa sijazaliwa. Kila mwaka alisema atakuja mwaka ujao. Halafu figo zake zikagoma. Sasa maisha yake yamefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku moja nyumbani, siku moja hospitali, na mtu wa namna hiyo hawezi kufunga safari ya mbali. Kama hawa wawili wangeonana tena, mdogo ndiye angekwenda.

Mwaliko ulipokuja, tuliusikiliza sote kwenye simu. Shangazi Mkubwa alisema aje wakati majani yanapopukutika, wiki mbili tu, likizo. Asitarajie kuonyeshwa mji, kwa sababu yeye mwenyewe mji haujui. Atamwonyesha benchi lililo mbele ya hospitali, ambapo hukaa akisubiri basi. Mama Pindo alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Hajawahi kuchukua likizo. Shule zikifungwa ndipo kazi yake inapoanza.

Siku ile ile alienda kununua kitambaa kizito cha rangi ya kahawa na bitana yake, akapanga kushona makoti mawili yanayofanana. Utotoni mama yao aliwavalisha sare popote walipokwenda, na yeye alitaka wakae kwenye lile benchi wamevaa sare. La kwake alilishona upesi. La dada yake alilitengea kitambaa, akisema atalikata na kulishona huko huko, mwenyewe akiwa mbele yake.

Kisha akafanya kitu ambacho kwa fundi kilikuwa cha busara kabisa. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, hupeleka cherehani yake kwa fundi wa mashine ikafunguliwe, itiwe mafuta na kubadilishwa kilichochakaa, isije ikamwangusha kazi ikiwa imepamba moto. Sasa akaupeleka mwili wake. Alimwambia daktari kwamba anasafiri, kwa hiyo akague kila kitu na arekebishe panapolegea. Daktari alifurahi kupata mgonjwa anayejijali. Akampandishia dozi ya dawa ya moyo, akambadilishia ya presha, na kumwandikia kipimo cha moyo, ambacho foleni yake ilikuwa ndefu lakini hakikuwa na haraka. Shangazi alirudi dukani akitembea kama msichana.

Ubalozi ulitaka bima ya safari, hivyo tukaenda kwa wakala. Mimi nilichukuliwa kwa kazi moja. "Huyu haongei," shangazi alimweleza wakala tulipoketi, "lakini anasoma mpaka maandishi ya chini ya kopo." Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na feni iligeuza kichwa huku na huku kana kwamba inakataa kila kinachosemwa.

Wakala alikuwa kijana mstaarabu. Aliuliza, akajibiwa, akabonyeza kompyuta. Sukari ilipita. Presha ilipita, kwa nyongeza. Alipofika kwenye moyo aliuliza kama dawa zake zimebadilishwa hivi karibuni, na shangazi akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, zote mbili, mwezi huu huu. Kuna kipimo anachosubiri? Kipo pia, alisema, daktari hakuacha kitu.

Wakala aliacha kubonyeza. "Mama, ungekuja kwangu kwanza."

Alieleza taratibu, bila kumtazama usoni. Kampuni inakubali ugonjwa uliotulia. Dawa ikibadilishwa, kwao maana yake haujatulia. Na mtu anayesubiri kipimo hawamgusi mpaka majibu yatoke na miezi kadhaa ipite bila mabadiliko.

"Kwa hiyo ningekaa nao bila kuushughulikia, mngenichukua?"

"Kwa maswali haya, ndiyo mama."

"Na kwa kuwa nimeushughulikia, hamnitaki."

Wakala alisema si yeye, ni kampuni. Kusema haki, alihangaika. Alipigia kampuni nyingine simu mbele yetu, na moja baada ya nyingine ikauliza maswali yale yale na kukata. Moja tu ilikubali, kwa sharti kwamba chochote kitakachotokana na moyo hakihusiki. Shangazi akauliza maana yake nini. Maana yake, akivunjika mguu watalipa.

"Basi nikianguka niangalie naanguka na nini," alisema, na wakala akacheka, kisha akajutia kucheka.

Akasogea karibu, akapunguza sauti. Kuna njia nyingine, alisema. Waanze upya na kampuni nyingine, na kwenye yale maswali mawili mama aseme hapana. Kompyuta haina macho. Watu wengi hufanya hivyo, wanakwenda na kurudi salama.

Shangazi alinigeukia mimi. "Soma. Nikisema hapana halafu moyo ukaleta vituko kule, inakuwaje?"

Nikasoma masharti ya bima na ya mwaliko. Wakigundua, bima inahesabika kama haikuwahi kuwepo. Hapo, kama kwa ile bima isiyogusa moyo, gharama za hospitali zitamwangukia mgonjwa, na asipoweza, yule aliyetia sahihi ya kumwalika. Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa sauti ndogo sana, lakini alinisikia. Alijua aliyetia sahihi ni nani.

Jioni alimpigia dada yake, mlango wa duka ukiwa nusu umefungwa. Shangazi Mkubwa hakutaka hata kusikia habari za moyo. "Danganya," alisema. "Mdogo wangu, mara moja tu katika maisha yako, danganya."

"Nikianguka mikononi mwako, utanibeba na nini? Wewe mwenyewe unabebwa."

"Nitajua la kufanya."

"Hutajua. Watakuandama mpaka kitandani."

Kisha Shangazi Mkubwa akauliza, kwa sauti isiyo ya mtu mkubwa kwa mdogo wake, "Na hiyo miezi kadhaa wanayotaka ipite, mimi ananipa nani?"

Mama Pindo alisema, "Ngoja tuone." Ni maneno tunayosema kwetu tunapokuwa tumekwisha kuona. Wiki zilizofuata alishona sare kama kawaida. Alimeza dawa zake mpya, zile zilizomzuia, na kusema kweli zilimfaa. Hakuhema tena akipanda ngazi za kanisani. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Siku moja alizishika kiganjani muda mrefu, akasema kwamba hajawahi kuwa na nguvu za kusafiri kama sasa, akazimeza.

Tarehe ya safari ilipopita bila mtu kuitaja, alitoa kile kitambaa cha dada yake. Alisema atalishona koti na kulituma kwa kifurushi, baridi isije ikamkuta hana. Vipimo vya zamani alikuwa navyo kichwani, lakini fundi hakati kwa vya zamani. Akapiga simu. Jirani mmoja wa kule alishika utepe, Shangazi Mkubwa akasoma namba mwenyewe, na mimi nikaandika kwa chaki pembeni mwa meza.

Bega. Mkono. Kifua. Kwenye kifua shangazi alisema, "Rudia." Dada yake akarudia. "Mwambie huyo jirani asikaze utepe."

"Hajaukaza. Umelegea."

"Haya. Kiuno."

Alipokisikia kiuno aliniashiria niandike. Kisha akaanza kumtania dada yake kwamba sasa anaweza kuvaa sare za darasa la sita, atamshonea na sketi, na kule wakacheka, na jirani akacheka bila kuelewa lugha. Aliendelea kutania mpaka simu ilipokatwa. Baada ya hapo alikaa mbele ya zile namba za chaki, mikono mapajani, huku mteja akibisha hodi mara mbili na kwenda zake.

Alikata jioni hiyo. Nilimshikia kitambaa. Alifuata vipimo vyote kama vilivyosomwa, lakini kwenye mishono ya ubavuni aliacha kitambaa cha ziada kuliko nilivyowahi kumwona akimwachia mtoto yeyote. Mishono ikawa minene, na bitana haikulala vizuri. Aliijua kasoro hiyo. Aliipiga pasi tena na tena, akaiacha.

Asubuhi ya kutuma, kifurushi kikiwa bado wazi, alienda kwenye msumari nyuma ya mlango na kulitoa koti lake. Alilikung'uta vumbi, akalikunja, akaliweka juu ya lile jingine.

Nilimuuliza, yeye atabaki na nini.

"Na joto lote hili?" alisema. "Nipe gundi ya karatasi, nikifunge."