Kadi ya Msimu ya Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda Temeke kutafuta vigae vya bafuni. Fundi alikuwa kanitajia duka moja, akasema lina kila rangi na bei zake hazichomi, akanielekeza kwa mkato: "Lile ghala kubwa, pale mbele ya kilipokuwa kiwanda cha nguo." Nikaitika tu, haya, haya, kama mtu asiyepajua. Ningemwambia nini? Kwamba pale nimeogelea mpaka macho yakawa mekundu, na kwamba bibi yangu alitembea pale?

Basi nikaingia. Ukumbi mrefu, maboksi ya vigae yamepangwa kukaribia bati, feni zinazunguka polepole. Nikawa napita, nagusa hiki, nagusa kile, mpaka nikafika nyuma kabisa ambako mwanga ni hafifu, nikaona bomba la chuma limechomoza sakafuni. Limepinda juu kama mkono wa birika, rangi imebanduka, kutu imeingia kwenye maungio. Chini yake saruji tupu. Nikasimama hapohapo, vigae nikavisahau.

Kaa nikusimulie, maana nyumbani kwangu hakuna anayelijua hili, na waliolijua wengi wametangulia mbele ya haki.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kile. Enzi hizo kilikuwa cha umma, na kilikuwa na mambo yake: zahanati, ukumbi wa dansi, uwanja wa mpira, na bwawa la kuogelea. Ndiyo, bwawa, Temeke hiyohiyo ya mchanga na mabomba yanayokohoa upepo. Binamu zangu wa Magomeni hawakuamini mpaka walipoletwa wakaoneshwa. Masika yakikatika, bwawa linasafishwa, halafu zinatoka kadi za msimu, karatasi ngumu ambayo kila mwaka ilikuwa na rangi yake. Kadi moja ilituingiza nyumba nzima mpaka masika yarudi. Pesa yake ilikatwa kwenye mshahara, na baba alikuwaga anasema hata haionekani ilipochomolewa.

Bibi, mzaa baba, aliletwa kwetu kutoka Kigamboni baada ya kupooza upande wa kushoto. Watu wa kwao walisema kapigwa na upepo. Yeye alikuwa mwanamke wa maji, ujana wake wote kautumia ufukweni na wanawake wenzake, kuokota chaza na kutanda uduvi kwa kitambaa, maji yakiwa magotini. Sasa hata kutoka kitandani kwenda uani ilikuwa safari. Mie ndiye niliyekuwa fimbo yake. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa Pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kutwa nzima neno lilikuwa lile lile: "Nishike, mke mwenzangu. Nishike vizuri, usiniangushe, huyo mume wetu hayupo wa kunizika."

Nesi wa zahanati ya kiwanda ndiye aliyemwambia mama: mtieni majini. Maji yanabeba uzito, atembee humo, huenda miguu ikakumbuka.

Jumatano alasiri bwawa lilikuwa la wanawake peke yao. Wanaume wanatolewa, na mzee wa getini, mtu mmoja mwenye kofia ya kufuma isiyomtoka kichwani, anageuza kiti chake kinatazama barabara, anafungulia redio. Hata ungepiga kelele kiasi gani, hageuki. Wanawake walikuwa wanaingia majini na kanga zao, zimefungwa kifuani, na walikuwa na sharti lao ambalo halikuandikwa popote: huji na kanga mpya. Kanga mpya inachuja. Kuna mama mmoja aliwahi kuja na nyekundu ya juzi, maji yakamzunguka yakawa ya waridi, wakamcheka msimu mzima. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kanga yake ya bwawa, kuukuu, iliyokwisha kutoa rangi yote, maandishi yake hayasomeki tena. Ya bibi ilikuwa ya zambarau iliyogeuka kijivu. Nayo ilichapwa kiwanda kilekile, ng'ambo ya ukuta, mashine zikivuma tukiwa tunaoga.

Jumatano ile ya kwanza tulimshusha mie na mama. Mkono mzima kashika bomba la chuma, mkono mbovu kanishikia mie. "Nishike," ngazi ya kwanza. "Nishike, mtoto we," ngazi ya pili. Maji yalipomfika kiunoni akanyamaza. Uso wake ulibadilika, sijui nikwambieje, akawa kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Halafu akasema, taratibu kabisa: "Niache."

Nikamtazama mama. "Kasema umwache," mama akanijibu. Nikamwachia, na bibi akatembea. Mguu mmoja, mwingine, mikono imetandazwa juu ya maji kama anapapasa kitanda gizani. Akafika ukuta wa pili, akageuka, akarudi. Wanawake wote walikuwa wamesogea kumpa njia. Mama alifuta macho akasema dawa ya maji ni kali leo.

Zikafuata Jumatano nyingi. Tulikuwa tukitoka tunakaa nje ya geti kwa mama mkaanga mihogo, tunakula ya moto yenye chumvi na pilipili, midomo inawaka, nywele zinanuka ile dawa. Bibi alikuwa mchangamfu siku hizo, anapiga soga, anamtania yule mzee wa getini kwamba shingo yake imekakamaa kwa kuogopa kugeuka. Jioni kazi yangu ilikuwa kufua kanga ya bwawa na kuianika. Na kusema kweli, hata nchi kavu alianza kupata nafuu. Asubuhi moja alifika uani peke yake, akashika kibao cha mbuzi akakuna nazi, mama akatoka chumbani akashangaa nani kakuna.

Halafu mambo yakabadilika. Unazikumbuka zama zile, kila kitu ruksa, maduka yakajaa, mitumba ikaingia kwa marobota. Sie watoto tulifurahi. Hatukujua kwamba shati la mtumba na kiwanda cha baba haviwezi kukaa mji mmoja. Mashine zikaanza kuzimwa upande mmoja, kisha mwingine. Baba akapunguzwa kazi na wenzake wengi, akapewa mkono wa kwaheri na doti mbili za kanga.

Msimu uliofuata kadi haikuwa ya kukatwa kwenye mshahara tena, maana mshahara wenyewe haupo. Ikawa ya kulipia dirishani, tena mtu mmoja mmoja. Bei yake ilikuwa kama sukari yetu ya mwezi. Baba akasema basi, anaingia mama na mtoto wake tu, akimaanisha bibi na mie, kaka zangu wakacheze mpira. Mama akaanza kukaanga vitumbua alfajiri. Msimu wa baada ya huo bwawa likakodishwa kwa mfanyabiashara, likapakwa rangi, bei ikapanda tena, ikawa ya viatu vya shule vya watoto wote wa nyumbani kwetu. Mie nikakosa kadi. Bibi akawa anaingia peke yake, wenzake wakimpokea, na mzee wa getini aliniruhusu kumfikisha kwenye ngazi tu, kisha nitoke. Akishafika kiunoni ananiambia mwenyewe, "Niache, mke mwenzangu, nenda kanisubiri kwenye mihogo." Lakini hata hao wenzake walikuwa wanapungua. Kila Jumatano unakuta mmoja kaacha.

Msimu wa mwisho bei ilitajwa, baba akacheka. Kicheko kile sikukipenda. Ilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba yetu. Mama alikuwa kwenye upatu na wanawake wa mtaani, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Jioni moja nikawaona wamekuja wote, wamejaa barazani, mama mmoja wa duka la kona mwenye asili ya Kiarabu akiwa mbele, maana yeye ndiye aliyeshika pesa za upatu. Akamwambia bibi, "Shikamoo, mama. Tumekutanguliza. Nenda ukatembee." Bibi aliwaombea dua mpaka mate yakamkauka. Kadi ikanunuliwa, safari hii ya plastiki, ina picha yake, kajitanda ushungi, kakaza uso kama anayegombezwa.

Siku ya kufungua tulikwenda watatu. Mzee wa getini hayupo. Kiti chake hakipo. Kuna dirisha la kioo, na ndani yake binti kijana, msafi, mpole kabisa. Ndiyo maana hata leo siwezi kumchukia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kadi hii hapa."

"Umeshalipia, bibi, hamna shida. Ila kwa kanga haturuhusu. Inachuja rangi, na nyuzi zake zinaziba mashine."

Bibi akatazama kanga yake, akacheka. "Hii? Hii imemaliza kuchuja hujazaliwa. Tena imetoka hapo ng'ambo ya ukuta."

"Ndiyo utaratibu, bibi. Ni nguo ya kuogelea tu. Tunazo za kukodi." Akaitoa na kuiweka mezani, nyeusi, ndogo, imejikunja. Bibi akainyoosha kwa vidole vyake vizima. Kwa ndani muziki unapigwa, na wanaume kwa wanawake wamo majini pamoja. Nayo ilikuwa Jumatano.

"Mwanangu," bibi akasema, hakupandisha sauti, "marehemu mume wangu mwenyewe hakuyaona mapaja yangu mchana. Leo nije niwaoneshe hawa, na nimewalipa?"

Mama akaomba. Aliomba vibaya, mpaka nikaona haya kwa ajili yake. Akasema basi rudisheni pesa, ni ya watu. Binti akasema ikishaingia hairudi. Bibi alikuwa ameshageuka. "Nishike, mke mwenzangu," akaniambia. "Nishike twende zetu." Na njia nzima hakunitania hata mara moja.

Utaniuliza, na bahari je? Baba alimpeleka. Alimvusha kwa pantoni mpaka kwao, akamwingiza majini pale pale alipokuwa akitanda uduvi. Mchanga ukamkimbia chini ya nyayo, wimbi dogo tu, la watoto, likamwangusha kifudifudi. Baba alimnyanyua akitapika maji ya chumvi. Alilia siku ile, bibi yangu, sio kwa kuumia. Alilia kwamba hata bahari imemsahau. Hakutaka kurudi tena.

Miguu ikalala. Kwanza wa kushoto, halafu na ule mzima ukaufuata mwenzake. Kadi ikatundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, yeye mwenyewe alitaka iwe pale, na watu wa upatu walipokuja kumjulia hali aliwaonesha kwa fahari kama vile bado anaitumia.

Tulikuwa tunamwogeshea uani, kwenye beseni kubwa la plastiki, kwa maji ya madumu tuliyonunua kwa kijana wa mkokoteni. Mama anamsugua mgongo, mie namshika mabega asianguke. Alasiri moja maji yalikuwa yamepata jua, ya vuguvugu. Bibi akafumba macho. Nikaona vidole vya miguu yake vinajikunja na kujikunjua ndani ya beseni, kimoja, kingine, polepole.

"Niache," akasema.

Nikamtazama mama. Safari hii mama alitikisa kichwa tu, nami nikaendelea kumshika bibi mabega, na vile vidole vikaendelea kutembea.

Alifariki kabla masika hayajaingia. Kadi yake ilikuwa bado haijaisha muda. Wanawake waliokuja kumwosha walikuwa walewale wa Jumatano, na mmoja akauliza kanga ya bwawa iko wapi. Ndiyo waliyomfunikia wakati wa kumwagia maji. Mie nilikuwa nje ya mlango na kaka zangu, nasikia tu maji yanavyokwenda, na mwanamke mmoja ndani anasema kwa sauti ya chini, "Taratibu, taratibu, mpeni njia."

Bwawa lenyewe halikudumu. Wenye pesa za kadi ile hawakuwa wakikaa Temeke, na wa Temeke hawakuwa na pesa ile. Likakauka, likaota majani, likafukiwa, sasa wanauzia vigae. Wanangu nawapeleka mara moja moja kwenye hoteli za huko Mbezi, nalipia mlangoni, na kila tukienda naikuta bei imepanda, nao wanarukia maji bila kujua kuna mtu aliwahi kuyaomba. Mashine hazivumi tena ng'ambo ya ukuta. Mama wa mihogo sijui aliishia wapi. Hata harufu ile ya dawa, nikiinusa mahali, nageuka kutafuta mkono wa mtu.

Kijana wa duka alinikuta nimesimama pale nyuma. "Sista, angalia usijikwae, hicho chuma tunakikata wiki ijayo," akasema, akaenda kwa mteja mwingine. Nikalishika lile bomba. Lilikuwa la baridi, na juu pale pamelainika kwa mikono ya watu. Chini hapakuwa na ngazi, wala maji ya kumfika mtu kiunoni. Kwa hiyo sikuliachia, mpaka kijana aliporudi kuniuliza kama nimeshachagua rangi.