Kuku wa Pasaka Ambaye Jirani Hakuweza Kumla

Pasaka iliyopita nilipita mtaa wa Kaloleni kuiona nyumba nilimolelewa na dani. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na kwangu mimi ni mtu mmoja tu duniani. Nyumba zile za kaunsili zimepakwa rangi mpya, na katikati ya mlango wetu na mlango wa jirani kumejengwa ukuta mrefu kuliko mimi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, na mpangaji wa sasa akanitazama kama mtu anayetaka kujua nimetumwa na nani. Ningemweleza vipi kwamba pale alipoegemeza baiskeli yake ndipo watu wawili walipogombana juu ya Yesu mpaka chakula kikapoa? Nikamsalimia tu, nikaenda zangu.

Lakini wewe nitakueleza, maana wewe una wakati.

Tulikuwa milango miwili, ua mmoja na bomba moja. Upande wetu alikaa dani, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mimi mjukuu wake, kwa sababu mama yangu alifariki nikiwa sijaanza hata kutembea. Upande wa pili alikaa mama mshonaji, Muislamu, pamoja na mumewe aliyekuwa dereva wa lori. Asubuhi nilianza kusikia adhana, halafu kikohozi cha dani akitafuta kiberiti, halafu maji yakigonga ndoo. Nikitoka shule dani alikuwa bado yuko sokoni, kwa hiyo jioni zangu zote nilizimaliza kwa mama mshonaji. Nilimshonea vifungo, nikamwokotea pini sakafuni, na malipo yangu yalikuwa mahamri ya iliki na chai ya tangawizi. Mwanamke huyo alinilea nusu nzima. Sisemi hivyo kumpamba, ndivyo ilivyokuwa.

Na kulikuwa na desturi. Kuku wetu wote, hata wa Krismasi, hata wa mgeni wa ghafla, alichinjwa na mume wa mama mshonaji. Alimgeuza kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, basi, kwisha. Hivyo sufuria yetu ilikuwa halali kwa nyumba zote mbili, na sahani ya kwanza ikishapakuliwa ilivuka ua kabla sisi wenyewe hatujanawa mikono. Hakuna aliyeiandika popote, na sikumbuki aliyewahi kuijadili.

Sasa, mama mshonaji alikuwa msimuliaji. Akikanyaga cherehani yake aliniambia habari za Nabii Isa na mama yake Mariamu: jinsi Mariamu alivyoshikwa na uchungu peke yake chini ya mtende na tende zikamwangukia ale, jinsi mtoto alivyosema akiwa mchanga ili kumtetea mama yake mbele ya watu wenye midomo. Na maadui walipokuja kumwua, Mungu alimwinua juu, wao wakabaki na mfano wake tu, huo ndio waliousulubisha. "Na atarudi," alikuwa akisema, akikata uzi kwa meno.

Nilikuwa na miaka kumi na hadithi hiyo ilinikaa moyoni. Ukutani kanisani kwetu kulikuwa na picha za njia ya msalaba, na nilizichukia. Nilipita nikiangalia sakafu. Kumbe kulikuwa na hadithi ambamo wale askari hawakumpata! Nikaamua bila kumwuliza mtu kwamba hiyo ndiyo iliyotokea.

Nilimwuliza hata mzee Mhindi wa duka la kona, maana kwenye kalenda yake Yesu alikuwa amepangwa pamoja na miungu yao na kuvishwa shada la maua ya manjano. Alinijibu bila kuacha kupima sukari. "Mungu nakuja dunia mara mingi, mtoto. Watu nasumbuka, yeye nakuja. Huyu pia." Kuhusu msalaba alitikisa kichwa. Huyo ni mtu mwema sana, alisema, lakini dhambi ya mtu hubebwa na mwenyewe. "Yako tabeba wewe. Yangu tabeba mimi." Nilipomsimulia dani alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi yake aanze na hiyo mizani," akasema.

Hakucheka wiki mbili kabla ya Pasaka.

Mwaka huo nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza. Kitambaa cheupe dani alikinunua mapema, na mama mshonaji alikuwa ameshakata gauni, bado mikono tu. Kilichobaki ni mtihani wa mdomo ukumbini, wazazi wakiwa wameketi nyuma. Mwalimu wa katekisimu aliniuliza swali rahisi kuliko yote: Yesu alikufa kwa ajili ya nani? Nikasimama wima, nikajibu kwa sauti niliyofundishwa shule. Nikasema hakufa, Mungu alimwinua, aliyesulubiwa alikuwa mfano wake. Nilikuwa na uhakika kabisa, na nilitabasamu.

Mwalimu hakunigombeza. Alipiga mstari juu ya jina langu, akanyanyua macho mpaka benchi la nyuma. "Mama, huyu mtoto analelewa na nani?"

Dani aliinuka, akatoka. Tulirudi nyumbani mimi nyuma yeye mbele, na tulipofika hakuingia kwetu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye cherehani. "Hiyo kitambaa yangu nipe," alisema. Mama mshonaji alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa. Alilikunja gauni lisilo na mikono, polepole, akampa. Dani akaniambia nisivuke tena ule ua. Nililia usiku kucha. Komunyo ilikuwa imenipita mwaka huo, hilo niliweza kulivumilia. Kilichonimaliza ni kwamba nilikuwa nimempoteza mama niliyebaki naye, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Majuma mawili hayo yalikuwa mabaya. Walikutana bombani wakasalimiana kama watu wa foleni ya kliniki. Nilikaa mlangoni nikichambua omena huku nikisikiliza cherehani hatua kumi kutoka kwangu. Siku ya Pasaka nilibaki kwenye benchi na gauni la bluu, wenzangu weupe wakipita mbele, na dani aliimba kwa nguvu kuliko siku zote, akitazama mbele.

Tulipofika nyumbani alimkamata kuku mwenyewe. Hakumwita mtu. Alimchinja nyuma ya choo kwa kisu cha samaki, akamnyonyoa akiwa amefunga mdomo, akampika taratibu kwa nyanya na vitunguu mpaka ua mzima ukanukia. Akasonga kuon, ugali wetu wa mtama. Halafu akapakua. Alichukua sahani ya bluu yenye maua, akaweka mapaja mawili na kidari, akafunika kwa sahani nyingine, akatoka nayo.

Alikuwa amefika katikati ya ua ndipo akasimama.

Nilimwona mgongo tu. Miaka na miaka mikono yake ilikuwa ikipakua sahani hiyo kwanza, na siku hiyo ilipakua bila kumwuliza. Mama mshonaji alikuwa ameketi mlangoni kwake akimtazama. Cherehani ilikuwa kimya.

"Nimemchinja mwenyewe," dani akasema. "Huwezi kula." Na akaanza kulia pale pale amesimama, sahani mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona akilia nje ya nyumba.

Mama mshonaji aliinuka. Hakumkumbatia, hawakuwa watu wa hivyo. Aliingia ndani, akatoka na sufuria ya maharagwe na mkeka, akautandika kati ya milango miwili. "Kuku kuleni nyinyi, dada. Mimi nipe ugali. Lakini leo tutaongea."

Wakaongea. Rafiki yangu, walibishana vilivyo. Mama mshonaji alisema hakunifundisha kumpinga mtu, niliuliza akanijibu, na angeulizwa tena angejibu vile vile. Dani akasema mtoto ni wake na kanisa ni lake. Yule akasema yeye anampenda Yesu kuliko wanavyompenda Wakristo wengi anaowashonea. Dani akasema kumpenda na kumwacha bila msalaba ni kumpenda nusu. Mikono ilikuwa ikienda kwenye ugali ule ule muda wote.

Mwishowe mama mshonaji akasema kwa upole, "Lakini Mungu atamwachaje mtu wake auawe na watu wabaya? Mimi hiyo haiingii."

Dani aliweka tonge chini. Kisha akanyoosha kidole kwangu. "Mama ya huyu nilimwombea miezi saba. Niliomba kama mwendawazimu. Akaenda. Nikamzika na mikono yangu hii. Sasa kama huyo Mungu hajawahi kumtoa mwanawe afe, mimi na yeye tutaongea nini?"

Mama mshonaji aliweka mkono juu ya goti la dani na kuuacha hapo. Hakusema amekubali. Dani hakungoja akubali. Kisha mama mshonaji akauliza, "Na kile kitambaa kiko wapi? Kilete, mtoto anakua." Gauni lilimaliziwa wiki hiyo, likaachiwa upindo mpana ili lifae mwaka unaofuata, na mimi nikarudishiwa jioni zangu.

Mwaka uliofuata nilijibu swali lile lile, na nilijua ninachosema. Mimi ni Mkristo. Naamini alikufa, naamini alifufuka, na kwa hilo hunitikisi. Lakini imani hiyo sikuipata kwa mwalimu wa katekisimu wala kwenye zile picha za ukutani. Niliipata juu ya mkeka, kwa sababu mwanamke aliyeikataa aliuliza swali kwa upendo, na mwanamke aliyeiamini akalazimika kusema ukweli wake wote.

Wote wawili wamekwenda. Nilisimama kwenye makaburi yao, moja nikiwa na rozari, moja nikiwa nimejifunika kichwa, na sikujiona mgeni popote. Sasa naishi mtaa mzuri wenye lami na mlinzi langoni. Majirani zangu ni watu wa adabu sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunibishia neno juu ya Mungu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba nimewazika mama wawili.