Vijiti vya Mama Silvana

Eustaki alianza kumwonea wivu mkewe Cornelia siku Mwalimu Lwitiko aliposema, "Makofi kwa Mama Silvana!" Darasa zima likapiga. Na yeye akapiga, ila viganja vyake havikutoa sauti.

Kwani nani aliyemleta Cornelia pale? Si yeye! Yeye Eustaki, msagaji wa mashine ya unga ya Milanzi, aliyeachia shule kidato cha kwanza na sasa, ana miaka thelathini na tisa, akaamua kusoma jioni ili afanye mtihani wa QT, ule unaomfungulia mtu mzima mlango wa kidato cha nne. Cornelia alimfuata tu, ati nyumbani kumepooza. Darasa la saba, huyo! Miezi minne haijaisha, ndiye anapigiwa makofi.

Na Jumamosi kulikuwa na jaribio la Kiingereza, vile vitenzi vya can, must, should na ndugu zao. Mwalimu alishasema: atakayeshindwa hasajiliwi mwaka huu. Kushindwa peke yake Eustaki angevumilia. Lakini yeye ashindwe, Cornelia apite, aende kwenye mtihani na kumwacha mumewe na unga puani? Hapana, hapana kabisa.

Alijitahidi. Alibandika karatasi ukutani akawa anasoma huku anasaga. Mashine inanguruma, na kila akifika kwenye should, mteja anapiga kelele, "Baba, mbona ulezi wangu una mchanga?" Anaanza upya.

Cornelia alisomea shambani. Ulikuwa msimu wa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo chini yake Wafipa hufukia nyasi zioze. Kila tuta, sentensi moja. Akikusanya nyasi anaitunga, akigeuza udongo juu yake anaitamka, na tuta likikamilika anaichomeka pale juu: kipande cha boksi la sabuni kwenye kijiti, maandishi ya kalamu. Jioni anarudi na matope magotini, anaimba. Anaimba!

"Leo nimepiga kumi na mbili, Baba Silvana. Wewe je?"

"Magunia sita."

"Nauliza Kiingereza."

Eustaki akanyanyua kikombe akanywa, ingawa chai ilikuwa imekwisha zamani.

Alhamisi mchana umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Cornelia alikuwa kwenye sala za jumuiya. Eustaki akaelekea shambani, akijiambia anakwenda kukagua tu. Vijiti vilikuwa vimesimama mstari kwa mstari, kama vinamsubiri yeye akague gwaride. Akaving'oa vyote, akavifunga ndani ya koti, akarudi navyo kwenye mashine ili avichome.

Ila kwanza akakaa juu ya gunia akasoma kimoja. Kumbe kilimhusu yeye! Vyote vilimhusu yeye. Mume wangu anaweza kuimba, lakini afadhali asiimbe. Mume wangu huenda akakoroma leo. Mume wangu lazima apumzike Jumapili. Hata maisha yake mwenyewe, Cornelia alikuwa ameshayasema kwa Kiingereza kabla yeye hajajua yanasemwaje! Akasoma tena na tena mpaka umeme uliporudi.

Siku ya pili Cornelia akaja analalamika. "Watoto wa watu wameng'oa vijiti vyangu."

"Watoto wa siku hizi!" akasema Eustaki.

"Basi tu. Nikifumba macho naliona kila tuta."

Hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumamosi waliambiwa waandike sentensi kumi. Eustaki akatafuta zake kichwani, hakuna. Zikaja zile za vijiti, zikamiminika kama unga kwenye debe. Kwa mara ya kwanza akamaliza kabla ya wote. Akamtazama mkewe, kule pembe ya pili ya darasa, bado anainamia karatasi. Akatabasamu.

Mwalimu Lwitiko, kijana wa Mbeya mwenye adabu zake, alisahihisha palepale. Akasimama mbele na karatasi mbili.

"Shikamoo, mzee Eustaki."

"Marahaba."

"Naomba utusomee namba nne yako."

Eustaki akasoma kwa sauti nene. "My husband must rest on Sunday."

Wenzake wakatazamana. Kisha Mbonile, muuza mbao, akaruka kutoka dawatini. "Mume wako? Mzee, umeolewa lini bila kutualika?"

Watu wakaangua kicheko mpaka madirisha yakatetemeka. Mwalimu hakucheka. Akainua karatasi ya Cornelia. "Zinafanana, na mmekaa mbalimbali. Aliyeiba kazi ya mwenzake namfuta. Ni nani?"

Cornelia akamgeukia mumewe, na Eustaki akaona kwamba ameshaelewa vijiti vimeenda wapi. Akaona pia anafungua mdomo. Atamtetea! Halafu hata usajili wenyewe utakuwa zawadi kutoka kwake!

"Ni mimi," Eustaki akawahi. "Niling'oa vijiti vyake."

"Ndio watoto wa siku hizi, eh?" akasema Cornelia.

Mwalimu akakuna kidevu. "Kwa kuwa umekiri, nipe tano zako mwenyewe, kwa mdomo. Ukikwama, tuonane mwakani."

Eustaki akahesabu kwa vidole. "I can grind maize. I should not steal. I must say sorry." Kusaga anaweza, kuiba haifai, radhi lazima aombe. Akavuta pumzi. "My wife may pass." Mkewe huenda akafaulu.

Ya tano ikagoma. Akamwona Cornelia anachezesha midomo, anamnong'onezea jibu. Akageuza uso dirishani asilione. Kisha akasema polepole kwamba hakuweza kumfurahia: "I could not be happy for her."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akachukua daftari la usajili akaandika jina lake, chini kabisa, likifuata la Cornelia.

Eustaki akalichungulia. "Mwalimu, hiyo orodha haiwezi kuanza na wanaume?"

"Kaa chini, mzee."