Mama Gabriella na Kola Ishirini na Nne

Alizaliwa mwaka 1974 katika vilima vya Fizi, mashariki mwa Kongo, binti wa mkulima wa mihogo, na waliokuwapo wanasema hakulia alipotoka tumboni bali alianza kuhesabu vidole vyake. Vita vilimtoa shuleni akiwa amebakiza mwaka mmoja, vyeti vikaungua pamoja na nyumba. Alifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka 2008, mjane mwenye watoto wanne na cherehani.

Mwito ulimjia sokoni, alipokuta kitabu cha jiometria kikichanwa kufungia karanga. Akakikomboa. Tangu siku ile alijifunza peke yake, ukurasa mmoja mmoja, kati ya foleni ya maji, sare za shule na mazoezi ya kwaya. Ukurasa aliubandika ukutani mbele ya cherehani, macho juu, miguu chini. Wapo wanaoapa kwamba siku ya swali gumu cherehani ilishona yenyewe ili asikatizwe. Bombani walimcheka: "Ee Mama Profesa, batoto bako batakula mistari?" Naye akajibu, "Batakula nsima sawa ba kwako. Mistari ni yangu mi peke."

Jaribu kuu lilikuja mwaka 2019. Chuo kimoja kidogo cha Area 49, Lilongwe, kilikubali kwamba, kwa kuwa hana vyeti, alete kazi aliyoiandika kwa mkono, ikifaa, aingie. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Madaftari yalikuwa yamekwisha, hivyo aliandika kwa penseli juu ya karatasi za mifuko ya saruji, zile zile anazokatia patroni, vielelezo vya kukatia nguo: kurasa ishirini na nne za duara na pinde, jinsi ya kulaza umbo la mviringo juu ya kitambaa bila kupoteza hata kipande. Alhamisi alikwenda Dowa kununua uzi. Fundi mwenzake, Norbert, alibaki akimalizia sare za kwaya, maana Ijumaa asubuhi askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara. Kitambaa kigumu cha kola kikamwishia. Jioni Gabriella akarudi.

"Norbert, makaratasi yangu iko wapi?"

"Ile ya kuchora-chora? Si ni patroni ya zamani? Nilikunja, nikatia mu kola, Mama Gabi. Yote. Angalia vile zinasimama!"

Gabriella alichukua mkasi, akauweka kwenye mshono wa kola ya kwanza. Kwaya ile ilikuwa imeimba miaka sita bila sare. Akauweka mkasi chini. "Bavae," alisema. Tusimpambe: siku ile hakusamehe. Aliimba mbele ya askofu akitazama shingo za wenzake, akikisia hapa ukurasa wa saba, pale wa kumi na tisa, na saa sita ikapita.

Aliandika upya kwa kichwa, miaka miwili. Alipofika tena Area 49, mlango wa chuo ulikuwa na kufuli na mlinzi akimenya muwa. "Zikomo, samahani mama, walihama." Naye mlinzi hakujua wamehamia wapi. Gabriella alirudi, akazichanachana karatasi zile, akawashia mkaa wa kupikia maharage. Kesho yake watoto walimkuta amebandika tena ukurasa wa kitabu ukutani.

Alifariki Machi 2023 kwa malaria, kitabu kikiwa kimebakiza kurasa tisa. Mvua ilinyesha kaburini, lakini wanakwaya wanasema shingo zao zilibaki kavu. Norbert, mwimba besi, alirudi nyumbani akafumua kola yake. Penseli ilikuwa ingali inasomeka. Wengine wakafumua zao. Kurasa zikapatikana ishirini na tatu. Ule wa kumi na tisa ulikwenda Kanada shingoni mwa Cadeau, mwanakwaya aliyepata safari ya kuhamishiwa huko mwaka 2020, na shati, anasema, alilitupa.

Kila Jumapili baada ya Misa wanakaa kanisani na kurasa zile, kila mtu na wake, wakifundishana hadi wa kumi na nane, na hapo wanakwama. Anayetaka kumwiga Mama Gabriella asimwashie mshumaa. Akae nao, auandike ukurasa wa kumi na tisa. Norbert amejaribu mara arobaini na moja, na bado kipande cha kitambaa kinabaki.