Neno Tulilomfundisha

Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu sketi akiipinda yeye, mtoto ataivaa mpaka imbane, pindo bado liko palepale. Tunashona chumba kimoja, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni, na kazi yetu kubwa ni sare za shule. Mumewe alishaondoka kitambo. Amebaki na binti mmoja wa miaka tisa, na huyo ndiye roho yake.

Binti hakuwa kama wenzake. Hakutazama mtu usoni. Mshono ukimgusa ngozi alilia, kwa hiyo mama yake alimshonea gauni la shule lenye bitana laini ndani. Ukimwuliza habari, alikupa habari kweli: maziwa yamemwagika, kiatu cha kushoto kinabana, paka wa jirani amezaa watatu. Shuleni watoto walimkimbia. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake akihesabu matofali ya ukuta.

"Unamlea kama yai," nilimwambia Mama Pindo. "Mfundishe kusalimiana. Mtu asiyejua kuitikia salamu atapata rafiki wapi?" Mdomo wangu hauna breki. Nilitoa ushauri utadhani nimezaa kumi, nami sina hata mmoja.

Akanisikiliza. Wiki mbili nzima, mguu ukikanyaga cherehani, aliuliza, "Habari?"

Binti, ameketi chini kwenye vipande vya vitambaa, alijibu, "Nzuri."

"Hata kama kiatu kinabana?"

"Nzuri."

"Hata kama unaumwa?"

"Nzuri, mama."

Tulimpigia makofi. Si ndivyo tunavyoishi sote? Mtu yuko hoi kitandani, anasema nzuri kwanza, kisha ndipo anaeleza homa yake. Hiyo "kisha" tulisahau kumfundisha.

Siku moja akarudi anarukaruka. "Mama, leo wamenisalimia watu saba!" Kesho yake wakawa tisa. Mama Pindo si mtu wa kucheka ovyo, lakini siku zile alikuwa anaimba huku anakata vitambaa. "Shoga, Mungu akupe unachotaka," aliniambia. Nami kichwa kikanivimba.

Kabla muhula haujaisha, gauni likawa limembana. Mama yake akamsimamisha dirishani, akamkunjia mkono wa gauni ili ampime. Futi ikamponyoka. Juu ya kiwiko, mahali ambapo gauni linafunika, kulijaa alama za kucha, nyingine mbichi, nyingine zimeshakuwa nyeusi.

"Nani kakufinya?"

"Marafiki zangu."

"Wanakufinyia nini?"

"Ndiyo salamu yetu. Wananifinya, wanauliza habari, nasema nzuri, wanacheka. Na mimi nacheka."

Mama Pindo hakulia. Alivaa viatu, tukaongozana mpaka shuleni. Mwalimu wa darasa, mtu mpole tu, alishika kichwa.

"Kuna siku nilimkuta machozi yanamtoka," alisema. "Nikamwuliza, habari yako, binti? Akasema nzuri. Kila nikimwuliza, nzuri."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mwalimu aliwaita wazazi, akawaonya watoto mmoja mmoja. Tangu hapo hakuna aliyemfinya. Wala hakuna aliyemsogelea. Walimpita mbali, kila mmoja akiogopa kusingiziwa. Mapumziko akarudi kwenye matofali yake. Hilo liliniuma kuliko hata zile alama.

Wiki ya pili akaingia kutoka shule, harukiruki. Akasimama kando ya cherehani ya mama yake.

"Leo hakuna aliyenisalimia. Na jana. Nimekosea jibu?"

"Hujakosea, mwanangu. Aliyekosea ni mama."

Akafikiri. Kisha akaanza kukunja mkono wa gauni lake jipya, taratibu, akinyoosha kila mkunjo kwa kidole kama anavyomwona mama yake akifanya, mpaka juu ya kiwiko.

"Waambie wanisalimie tena," alisema. "Haiumi sana."

Mama Pindo alimvuta kifuani, akalia kwa sauti, kitambaa cha watu kikianguka sakafuni. Mimi niligeukia mlango nikafuta macho kwa kanga. Binti akaniona, juu ya bega la mama yake.

"Shangazi, habari?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo wangu huu usio na breki, na "nzuri" haikutoka.