Mikono ya Fundi wa Gemu

Ukimuuliza fundi ipi ina nguvu zaidi, mashine ya gemu au kompyuta, atakujibu yaleyale kwa sauti yake ya kukwaruza, mikono ikiwa mifukoni: mashine ya gemu ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyokufa, lakini kompyuta ukiitia kadi mpya ya picha, imezaliwa upya. Zamani alizifungua zote mbili huku akipiga soga, skrubu ndogo kama punje za ufuta amezipanga juu ya sumaku. Siku hizi yeye huwaambia wenye mashine za gemu, "Hizi hazifunguki, ndugu yangu," nao huondoka wakimwamini.

Jana mwalimu mmoja alileta kompyuta yake pamoja na kadi mpya. Fundi aliishika kadi ili aiingize, ikamchezacheza mkononi na kuanza kugongagonga ukingo wa kompyuta. Akamrudishia upesi. "Ingiza wewe, dada, ujifunze." Mwalimu akaisukuma mpaka ikalia tak, uso ukamchanua.

"Kumbe rahisi hivi! Mafundi wengine wangenificha. Wewe, kaka, huna la kuficha."

"Rahisi sana," alisema fundi, akairudisha mikono mifukoni.